Rangi ya Gari Imepauka? Irudishe Mwenyewe kwa Jumamosi Mbili

Pitisha kidole kwenye boneti ya gari lako asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kikirudi na unga kama wa chaki, ujue rangi imepauka. Kwenye gari jeupe unga huo hauonekani upesi. Kwenye jekundu, la bluu au la kijani hakuna wa kuusitiri: paa na boneti hugeuka waridi au majivu, huku milango ikiwa bado ina afadhali.

Corolla yangu ya mwaka 1994 ilikuwa nyekundu. Iliponifikia, hapa Dar es Salaam, ukiiegemea na shati jeupe ulikuwa unaondoka na doa la waridi mgongoni. Fundi rangi wa kwanza kuiona aliitazama kwa dakika moja akanitajia bei ya kupiga rangi gari zima. Bei ile ilinirudisha nyumbani. Nilikuja kuing'arisha mwenyewe uani, kwa kopo moja la kampaundi (polishi kali), kopo moja la waksi na fulana kuukuu. Niliiharibu pia kidogo: kwenye ukingo wa boneti kuna kidoa cha kijivu, ukubwa wa kifungo cha shati, mahali niliposugua hadi nikakuta praima. Kidoa kile bado kipo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu nimejifunza kwacho.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: polishi huondoa rangi. Inakwangua ngozi ya juu iliyokufa ili iliyo hai chini yake ionekane. Kila unapong'arisha unatumia akiba isiyorudi. Kwa hiyo kazi nzuri ni ile iliyokwangua kidogo kabisa na bado ikatosha.

KWA NINI RANGI HUPAUKA

Rangi ya gari ni chembe ndogo zenye rangi, zilizoshikwa pamoja na utomvu mgumu wa kiwandani, tuuite gundi. Miale ya urujuanimno ya jua, ikisaidiwa na hewa na unyevu, huikatakata gundi hiyo mwaka baada ya mwaka. Gundi ya juu ikiisha, chembe hubaki bila mshikaji. Huo ndio unga unaouona kidoleni.

Uso uliokuwa laini kama kioo huwa na vishimo vingi visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande badala ya kurudi pamoja, na jicho likaona weupe. Ndiyo maana gari lililopauka likilowa mvua hupendeza ghafla, kisha likikauka linarudia hali yake. Maji yalijaza vishimo kwa muda tu.

Sehemu zinazotazama juu ndizo hufa kwanza: paa, boneti na buti. Kwetu jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, hivyo sehemu hizo hazipati likizo. Pwani tunaongeza chumvi ya upepo wa bahari, maji ya kisima yenye magadi, kinyesi cha kunguru na utomvu wa mwembe ule ule tulioegesha chini yake kwa ajili ya kivuli.

Nyekundu hupauka mapema kwa sababu chembe nyingi nyekundu hazistahimili jua. Nyeupe haichuji, hutoa unga tu, na mwenye gari akadhani ni vumbi.

IJUE RANGI YAKO KABLA YA KUISUGUA

Kuna aina mbili kubwa, na kila moja ina masharti yake.

*Rangi ya tabaka moja.* Rangi yenyewe ndiyo iliyo juu na ndiyo inayong'aa. Magari ya zamani mengi, hadi miaka ya 1980, yalipigwa hivi. Kwa rangi zisizo na chenga za metaliki, hasa nyeupe, baadhi ya viwanda viliendelea hivyo miaka mingi baadaye. Toyota nyeupe ya namba 040 ni mfano unaojulikana. Namba ya rangi ya Toyota utaikuta kwenye kibati cha chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, mbele ya herufi C/TR.

*Rangi yenye klia.* Rangi iko chini, na juu yake kuna vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Rangi za metaliki karibu zote ziko hivi. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani una kama mikroni 70. Yaani ngao yote ya gari lako ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Fanya vipimo hivi vitatu. Havichukui hata nusu saa.

1. Kipimo cha kitambaa. Osha sehemu ndogo isiyoonekana sana, kwa mfano chini ya kifuniko cha buti. Weka tone la polishi kwenye kitambaa cheupe, sugua mara kumi. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, una tabaka moja. Kikibaki cheupe au na uchafu wa kijivu tu, una klia. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi.

2. Kipimo cha maji. Lowesha boneti. Mng'aro ukirudi kila mahali, polishi itakusaidia. Yakibaki mabaka meupe yenye kingo kali, kama ramani ya visiwa, klia imebanduka hapo.

3. Kipimo cha sumaku. Chukua sumaku ndogo, ivike kitambaa chepesi, ipitishe kwenye bodi. Pale isiposhika vizuri, kuna puti nene chini, na rangi ya hapo ilipigwa gereji. Nenda nayo kwa upole. Huwezi kujua ilipigwa mikono mingapi.

> ACHA, HII SI KAZI YA POLISHI
> - Klia inabanduka kama ngozi iliyoungua jua.
> - Praima, puti au bati linaonekana.
> - Rangi ina nyufa nyembamba kama udongo mkavu.
> - Kutu imevimba chini ya rangi.
>
> Sehemu hizo zinahitaji msasa, praima na rangi mpya. Kuzisugua ni kupanua jeraha. Zizungushie utepe, fanya kazi sehemu nyingine zilizo nzima.

VIFAA

Vingi utavipata kwenye maduka ya spea na rangi za magari: Kariakoo na Ilala kwa walio Dar, Kirinyaga Road kwa walio Nairobi. Miji mingine ulizia kwa mafundi rangi wenyewe.

- Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia
- Shampuu ya gari
- Sabuni ya maji ya vyombo, kwa siku ya kwanza tu
- Taulo za maikrofaiba zisizopungua sita, au fulana za pamba zilizofuliwa mpaka zikalegea; kata mishono na lebo zote
- Klei ya kusafishia rangi
- Polishi laini, kopo moja
- Kampaundi ya kati, kopo moja
- Waksi ya kanauba au silanti
- Utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi
- Sponji za mkono, tatu au nne
- Glavu, barakoa na tochi

Mashine si lazima. Ukiwa nayo au ukiazima, iwe ya polishi, ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba. Hiyo ni vigumu kuunguza rangi. Ile inayozunguka tu ina nguvu zaidi na hatari zaidi. Usiizidishe mizunguko 1,500 kwa dakika.

> ONYO: GRINDA SI MASHINE YA POLISHI
> Wapo wanaofunga pedi kwenye grinda ya kukatia vyuma. Grinda ya kawaida ya mkono huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Itaichoma klia kabla hujasema bismillahi.

MAHALI NA SAA

Bati lazima liwe la baridi kwa kugusa. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uishie saa nne, au rudi saa kumi na moja jioni. Boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana huweza kufika nyuzi joto 70, na hapo polishi hukauka kabla haijafanya kazi, ikaacha makovu ya weupe.

Kivuli cha ukuta au banda ni bora kuliko cha mti. Mti huangusha vumbi, majani na utomvu juu ya kazi yako, na chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuchora mistari boneti nzima.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Osha kikweli. Mwagia gari maji mengi kwanza ili vumbi liondoke bila kuguswa. Kisha osha kutoka paa kushuka chini. Kila unapomaliza kipande, suuza sponji kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni. Siku hii ya kwanza tumia sabuni ya vyombo, kwa sababu tunataka kung'oa waksi na mafuta ya zamani. Baada ya leo usiitumie tena. Kama una maji ya kisima tu na yana chumvi, suuzia mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua uliyokinga, halafu kausha mara moja. Chumvi ikikaukia kwenye rangi huacha duara jeupe.

Hatua ya 2: Sikiliza kwa mkono. Vaa karatasi ya nailoni iliyofungia mkate kama glavu, pitisha vidole juu ya rangi iliyo safi. Utasikia vijipunje usivyoviona: vumbi la breki, utomvu mkavu, chembe za rangi ya jirani aliyekuwa akipiga geti. Vyote hivyo vimeng'ang'ania.

Hatua ya 3: Pitisha klei. Chana kipande cha ukubwa wa kiganja, kikande mpaka kiwe laini, nyunyizia rangi maji yenye matone machache ya shampuu. Telezesha klei bila kukandamiza, kwenda na kurudi. Mwanzo itakwaruza, kisha itateleza kimya. Ukimya ndio ishara ya kuhama. Ikunje kila mara upate uso safi. Ikianguka chini, itupe. Usiiokote hata kama imekugharimu.

Hatua ya 4: Funika usivyotaka viguswe. Bandika utepe kwenye mipira ya madirisha, plastiki nyeusi, nembo na taa. Kisha bandika utepe pia kwenye kila ukingo na mkunjo mkali wa bodi. Rangi ilipopigwa ilikuwa bado maji, ikateleza na kukimbia kingo, hivyo hapo ni nyembamba kuliko popote. Waswahili walisema kamba hukatikia pembamba. Kidoa changu cha kijivu kiko ukingoni hasa.

Hatua ya 5: Jaribu kipande kidogo. Pima eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti. Anza na polishi laini kabisa uliyonayo. Matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere yanatosha. Tandaza kwanza, kisha sugua kwa mistari iliyonyooka, mara kwenda mbele, mara kukatiza. Ukisugua kwa kuzunguka, mikwaruzo itakayobaki nayo itazunguka, na jua la saa sita litakuonyesha utando wa buibui. Kandamiza mwanzoni, legeza kadiri polishi inavyokuwa nyembamba. Kwa mkono, dakika tano hadi saba kwa kipande.

Futa, umulike kwa tochi kwa ubavu. Ukiridhika, umepata dawa yako. Usitafute nyingine kali zaidi. Usiporidhika, rudia mara moja. Bado? Hapo ndipo utafungua kopo la kampaundi.

Hatua ya 6: Kampaundi, ikibidi tu. Utaratibu ni ule ule, ila kampaundi ina chembe kubwa zaidi na hukata haraka. Fanya kipande kimoja, futa, angalia, ndipo uhamie kingine. Kwa rangi ya tabaka moja kitambaa kitageuka rangi ya gari. Usitishike. Kwenye boneti yangu vitambaa vinne vya mwanzo vilitoka na waridi la kufubaa, cha tano kikatoka chekundu kama juisi ya rosela. Hiyo ndiyo alama ya kutazamia: rangi iliyokufa hutoka hafifu na yenye unga, iliyo hai hutoka nzito na yenye kina. Ukiona nzito, simama. Kuanzia hapo unakula mtaji.

Kwa gari lenye klia hali ni kinyume. Ukiona rangi ya gari kwenye kitambaa, umetoboa klia. Acha papo hapo, hamia mahali pengine.

Hatua ya 7: Inyweshe rangi kavu. Hii ni kwa tabaka moja la kizamani tu, rangi iliyokauka mpaka ikakunjamana kwa kiu. Kuna polishi zenye mafuta mengi na chembe chache, kama Meguiar's No. 7, ambazo wenye magari ya kale huzipaka nene, huziacha usiku kucha, kisha huzifuta asubuhi. Mafuta huingia kwenye vishimo na rangi hupata kina. Wengi hufanya hivi *kabla* ya kampaundi, ili rangi isikatwe ikiwa kavu. Ukiwa na gari la miaka ya 1970 au la mapema zaidi, anza hapa.

Hatua ya 8: Malizia kwa polishi laini. Kampaundi huacha ukungu mwembamba wa mikwaruzo yake yenyewe. Pita tena eneo zima kwa polishi laini, kitambaa kipya, mkono mwepesi. Hapa ndipo mng'aro wa kioo huja. Ukiona kivuli cha nyaya za umeme kwenye boneti kikiwa kimenyooka, umefika.

Hatua ya 9: Funga kwa waksi siku hiyo hiyo. Rangi uliyoifunua sasa haina kinga. Ukiiacha wazi, unga utaanza upya. Futa mabaki yote, pakaza waksi nyembamba kama kivuli, subiri ianze kuwa na ukungu, kisha ifute kwa taulo safi. Tabaka mbili nyembamba, zikipishana kwa saa kadhaa, hushinda moja nene.

Hatua ya 10: Ng'oa utepe, fanya kingo kwa kidole. Vuta utepe taratibu. Kingo uzipake kwa polishi laini, kidole kimoja ndani ya kitambaa, mara tatu nne tu. Kisha waksi.

MUDA WA KAZI

Kwa mkono, boneti peke yake ni saa moja hadi moja na nusu. Usipange kumaliza gari kwa siku moja. Bega likichoka, mkono hupoteza hisia na hapo ndipo rangi hutobolewa.

- *Jumamosi ya kwanza:* kuosha, klei, utepe, kipande cha majaribio, boneti na waksi yake.
- *Jumamosi ya pili:* paa, buti, mabawa na milango. Milango kwa kawaida huhitaji polishi laini tu, maana jua haliipigi kama juu.

VIPI KUHUSU MSASA?

Utaonyeshwa video za watu wakipitisha msasa wa maji namba 2000 kisha gari likang'aa kama jipya. Inawezekana, na mafundi hufanya. Lakini msasa hukata haraka kuliko kampaundi yoyote, na kwa macho huwezi kujua umebakiza mikroni ngapi. Kama hujawahi kuushika, usiupitishe kwenye boneti au paa zima. Ukilazimika, kwa doa moja la kinyesi cha ndege lililochimba, tumia namba 2500 au 3000 iliyolowekwa dakika 15 kwenye maji ya sabuni, uizungushie kifutio cha shule ili ikae sawasawa, sugua mara chache, kisha rudi kwenye kampaundi.

Gari la kale sana rangi yake huenda ina risasi. Usiisugue ikiwa kavu. Vaa barakoa, fanya kazi kwa maji, vitambaa vyake vikae mbali na watoto na vyombo vya chakula.

MAKOSA YANAYORUDIWARUDIWA

1. Kupaka dizeli au mafuta ya taa. Kwenye vituo vya kuosha magari wapo wanaofanya hivi ili gari ling'ae mbele ya mteja. Linang'aa kwa sababu limelowa mafuta, kama lilivyong'aa kwa mvua. Siku ya pili vumbi lote la barabara limenasa, na mipira ya madirisha huvimba ikilambishwa hayo kila wiki.

2. Sabuni ya unga ya kufulia. Ni kali, inavua waksi yote. Na chembe zisizoyeyuka hukwaruza.

3. Kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi. Huo ni msasa wa kila siku. Walinzi wengi hufanya kwa nia njema wakitegemea kifungua kinywa. Mpe mlinzi wako fedha yake, umwombe asiguse.

4. Kuanza na kopo kali ili kuwahi. Kopo la kwanza liwe laini daima. Ukikata pungufu utarudia. Ukikata zaidi hurudishi.

5. Kung'arisha kila mwezi. Anayefanya hivyo anaiuza rangi yake kijiko kijiko. Kila mwezi ni waksi. Polishi ni mara moja kwa mwaka au pungufu, na kampaundi huenda usiihitaji tena.

6. Kusugua pale pale kwa sababu doa moja halitoki. Doa lililochimba halitoki kwa polishi. Kubali libaki.

7. Polishi kwenye plastiki nyeusi. Itabaki nyeupe kwenye vitundu. Ikitokea, brashi ya meno na maji ya sabuni huisaidia ikiwahiwa.

> TAA ZILIZOPATA NJANO
> Taa za magari ya kuanzia miaka ya 1990 nyingi ni za plastiki, nazo huuawa na jua lile lile. Polishi ya rangi huzisafisha zikiwa na ukungu mwepesi. Dawa ya meno nayo husaidia kidogo, kwa wiki chache. Bila kinga mpya juu yake, njano hurudi. Taa za kioo za magari ya kale hazina shida hiyo.

BAADA YA HAPO

Kazi ya kuitunza ni ndogo kuliko ya kuirudisha, lakini haina likizo.

- *Kila wiki:* osha kwa shampuu ya gari, ndoo mbili, kausha kabisa.
- *Papo hapo:* kinyesi cha ndege na utomvu. Lowesha kwa kitambaa chenye maji dakika tano, kisha inua. Usikwangue kwa kucha.
- *Kila wiki sita hadi nane:* waksi ya kanauba, kwa joto letu. Silanti huweza kuvuka miezi minne.
- *Jinsi ya kujua kinga imeisha:* mwagia maji. Yakikusanyika kuwa vitone na kukimbia, bado ipo. Yakitandaa kama kwenye meza ya mbao, paka tena.
- *Maegesho:* banda la makuti au bati ni dawa kuliko kopo lolote. Usipokuwa nalo, geuza gari. Leo pua mashariki, kesho magharibi, jua lisipige upande mmoja tu. Turubai tumia juu ya gari safi pekee. Upepo ukilipeperusha juu ya vumbi, litasugua rangi usiku kucha.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA HUJAFUNGUA KOPO

☐ Nimefanya kipimo cha kitambaa, najua kama nina klia
☐ Nimeweka utepe kwenye kila ukingo
☐ Bati ni la baridi
☐ Gari limeoshwa, limepitishwa klei, limekauka
☐ Nina vitambaa safi vya kubadilisha. Kilichoanguka hakirudi kazini
☐ Nimeanza na polishi laini kuliko zote
☐ Waksi iko tayari kwa ajili ya leo hii
☐ Najua ni wakati gani wa kuacha

Kisanduku cha mwisho ndicho kigumu. Boneti ikianza kung'aa utatamani iwe kama ya dukani, na mkono utaendelea wenyewe. Gari la miaka 30 lina haki ya kuwa na mikwaruzo miwili mitatu. Ukisimama mbele yake hatua tano ukaona uso wako na mawingu nyuma ya kichwa chako, funga kopo, paka waksi, nenda kaoge. Rangi iliyobaki utaihitaji mwakani.